Telomea za mama na kile kipimo cha kushika chuma

Swali: "Shikamoo Daktari. Naandika kutoka Sakina, Arusha. Mwezi uliopita nilimpeleka mama yangu, ana miaka 71, kwenye semina ya afya katika ukumbi wa hoteli moja mjini. Walimshikisha chuma mkononi, kompyuta ikatoa karatasi inayosema telomea zake ni fupi na mwili wake una umri wa miaka 84. Tukaonyeshwa picha ya wanasayansi wawili wanawake waliopata Nobel kwa jambo hilo. Kuna vidonge vya kurefusha telomea, shilingi 350,000 kwa mwezi, na anatakiwa atumie miezi sita. Tangu siku ile mama halali vizuri, na ameanza kusema aache kwanza dawa za presha ili hivi vipya vifanye kazi. Telomea ni nini hasa? Vidonge vitamsaidia? Na mimi nilizaliwa baba akiwa na miaka 58; palepale semina mtu alisema watoto wa wazee huzaliwa wamechoka tayari. Ni kweli?"

Marahaba, dada yangu. La haraka kwanza: mama asiache dawa za presha, hata kwa siku moja. Presha isiyodhibitiwa inaweza kumwangusha na kiharusi wiki hii hii. Telomea haina uwezo huo. Udaktari wangu ni wa maabara, wala siandikii watu dawa, lakini kwa hili sihitaji kumuuliza mtu. Likishatulia hilo, haya mengine tutayazungumza bila haraka.

Karibu kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA wenye ncha mbili, kwa hiyo seli moja ina ncha 92. Katikati ya uzi ndiko yaliko maelekezo ya kuutengeneza mwili. Kwenye ncha hakuna maelekezo yoyote. Kuna herufi sita tu, TTAGGG, zinazojirudia maelfu ya mara kama mtoto aliyeadhibiwa kuandika mstari mmoja daftari zima. Kipande hicho ndicho telomea. Kwa mtoto mchanga huwa na urefu wa herufi zipatazo elfu kumi, wengine zaidi, na kwa mzee huwa kimepungua kwa maelfu kadhaa.

Mara nyingi telomea hufananishwa na kile kiplastiki cha ncha ya kamba ya kiatu. Mimi sikipendi sana kile kiplastiki, kwa sababu chenyewe hakipungui. Wanafunzi wangu huwa nawapeleka kwa mawazo kwenye steshenari za mtaani hapa Moshi. Ukitoa kopi ya kopi, halafu kopi ya hiyo kopi, mashine mbovu hula kidogo ukingoni kila mara. Kama karatasi ya kwanza ilikuwa na pambizo pana, unaweza kurudia mara nyingi kabla neno lolote halijaguswa. Pambizo ikiisha, kopi inayofuata inakata herufi za mwanzo wa mistari, na barua haisomeki tena. Telomea ni pambizo ya kromosomu. Imewekwa pale iliwe yenyewe badala ya maneno.

Kwa nini mashine ya seli inakula ukingo? Kwa sababu kimeng'enya, yaani protini ya kazi, kinachonakili DNA hakiwezi kuanzia hewani. Kinahitaji kiwekewe kianzio, kipande kifupi cha RNA, ndugu wa DNA, ndipo kiendelee kutoka hapo, tena kwa kuelekea upande mmoja tu. Baadaye kianzio hutolewa na pengo lake huzibwa na kazi iliyoanzia nyuma yake. Kile cha mwisho kabisa, pale nchani, hakina kitu nyuma yake. Kikitolewa, pengo linabaki. Mrusi mmoja, Alexei Olovnikov, alilifikiria jambo hili akiwa kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Moscow, akitazama treni na reli, na mwaka 1971 akaandika kwamba huenda ndiyo sababu seli hazigawanyiki milele. Ongeza na vimeng'enya vingine vinavyoitafuna ncha kidogo kwa makusudi, na seli za binadamu zinazokuzwa maabara hupoteza herufi kama 50 hadi 100 kila zinapogawanyika.

Kwamba hazigawanyiki milele kulikuwa kumeshajulikana. Mwaka 1961, huko Philadelphia, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kuwa seli za kawaida za binadamu zikiwekwa kwenye chupa hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha zinakoma. Haziozi wala hazifi papo hapo. Zinakaa tu, zinakula, zinapumua, hazizai. Kabla ya hapo kwa miaka mingi watu waliamini seli zikitunzwa vizuri zitaendelea bila mwisho.

Sasa nikueleze jambo ambalo kwenye semina hawalitaji, nalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Seli ina mafundi wa doria wanaotafuta DNA iliyokatika, maana DNA iliyokatika ni hatari. Wakiona ncha iliyo wazi, wanaiunganisha na ncha nyingine iliyo karibu. Lakini ncha ya kawaida ya kromosomu nayo iko wazi! Fundi atajuaje kwamba hii haijakatika, imeishia hapa tu? Barbara McClintock kwenye mahindi, na Hermann Muller kwenye nzi wa matunda, waliona tangu miaka ya 1930 kwamba ncha za asili haziunganishwi ovyo kama zile zilizovunjika. Muller ndiye aliyezipa jina telomea, mwaka 1938, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mwisho na sehemu.

Jibu la fumbo lilionekana kwa macho ya hadubini mwaka 1999. Ncha ya telomea haiachwi ikining'inia. Inakunjwa kurudi nyuma na kuchomekwa ndani ya uzi wenyewe, kama mama anavyochomeka ncha ya kilemba ili kisifumuke. Kundi la protini sita, linaloitwa shelterini, hushikilia hicho kilemba. Wakipita mafundi wa doria hawaoni ncha yoyote, wanaendelea na safari. Telomea ikifupika mno, kitambaa hakitoshi tena kuchomekwa. Ncha inabaki wazi, king'ora kinalia, na seli inaamriwa isigawanyike tena. Wala si lazima zote 92 zifikie hapo. Chache zilizo fupi kuliko wenzake zinatosha. Hili likumbuke, nitalirudia tukifika kwenye ile karatasi ya mama.

Basi kama pambizo inaliwa kila mara, watoto wetu wanazaliwaje na pambizo mpya? Hapa ndipo wanapoingia wale wa Nobel. Waliwaonyesha wawili, walikuwa watatu. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, mwaka 2009. Blackburn alianza na kiumbe cha seli moja cha kwenye madimbwi, Tetrahymena, ambacho kina maelfu ya kromosomu fupifupi, yaani ncha nyingi za kuchunguza, na mwaka 1978 akaandika pamoja na Joseph Gall kuhusu herufi zinazojirudia kwenye ncha hizo. Baadaye yeye na Szostak wakazipachika ncha za Tetrahymena kwenye DNA ndani ya hamira, ndugu wa hii tunayoumulia maandazi, na DNA ambayo ingesambaratika ikadumu. Greider alikuwa mwanafunzi wa Blackburn huko California. Siku ya Krismasi ya mwaka 1984, siku ambayo huku kwetu Moshi mji umejaa waliorudi nyumbani na mbuzi keshafungwa kamba tangu jana, yeye alikwenda maabara kuangalia filamu ya jaribio lake. Akakuta michirizi ya herufi sita sita ikipanda kama ngazi. Kulikuwa na kimeng'enya kinachoongeza herufi kwenye ncha, nacho hubeba kipande chake cha RNA kama kielelezo cha kunakilia. Kikaitwa telomerasi.

Telomerasi iko ndani yako wewe na mama. Hufanya kazi sana kwenye kiinitete, kwenye seli zinazotengeneza mbegu za kiume, kidogo kwenye seli shina, zile zinazozaa seli mpya, za uboho, ngozi na utumbo, na huamka kwenye seli nyeupe za damu zinapopigana na maradhi. Katika seli nyingine nyingi imefungwa kufuli. Maelekezo yake yapo, ila hayasomwi.

Hapo muuzaji wa vidonge anasema: tufungue kufuli. Mwaka 1998 watafiti Marekani walifungua kweli, kwenye chupa, wakaona seli za binadamu zikipita kiwango cha Hayflick bila kuchoka. Ukisikia hivyo unaweza kudhani tatizo la uzee limekwisha. Lakini jiulize kwanza, kufuli liliwekwa la nini?

Saratani ni seli iliyoacha kusikia amri ya kuacha kugawanyika. Kila ikigawanyika inakula pambizo yake, na siku pambizo inapoisha, breki inakamata. Inaelekea vivimbe vingi vinavyoanza mwilini huishia hapo bila mwenyewe kujua. Ile seli inayofanikiwa kuwa saratani kamili ni lazima ipate njia ya kutengeneza pambizo upya, na kati ya asilimia 85 na 90 ya saratani za binadamu hufanya hivyo kwa kuiamsha telomerasi. Zilizobaki zina ujanja mwingine wa kunakiliana ncha. Seli za Henrietta Lacks, zilizochukuliwa kwenye saratani ya shingo ya kizazi huko Baltimore mwaka 1951, bado zinagawanyika maabara duniani kote mpaka leo ninapoandika, na telomerasi yake inafanya kazi. Kwa saratani za ngozi tunajua hata kitasa kinavunjwa wapi: mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba mabadiliko ya herufi moja tu jirani na jeni ya telomerasi huiwasha, nayo ni mabadiliko ya aina inayosababishwa na miale ya jua. Mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa hapa Moshi kwa ajili ya wenzetu wenye ualbino huizuia miale hiyo hiyo isifike kwenye DNA ya ngozi.

Zipo pia familia zilizozaliwa na telomea ndefu kupita kawaida, kwa sababu ya kasoro kwenye mojawapo ya zile protini sita za kilemba, iitwayo POT1. Ungetegemea wawe wazee wa kupigiwa mfano. Badala yake wamo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ngozi ya aina ya melanoma, uvimbe wa ubongo, wa tezi la shingo na matatizo ya damu. Upande wa pili wapo waliozaliwa na telomea fupi mno, ugonjwa nadra, ambao uboho wao hushindwa kutengeneza damu au mapafu yao hujaa makovu mapema. Kwa hiyo mwili unaendesha gari kwenye mteremko: breki ikikaza sana gari halifiki, ikilegea gari linakwenda korongoni. Anayekuambia kwamba ndefu ni nzuri na fupi ni mbaya amekueleza kanyagio moja tu.

Ndiyo maana kwa vidonge vya mama nasema hivi. Kama havifanyi kitu, ambalo ndilo ninaloliamini, mtakuwa mmepoteza shilingi 2,100,000 kwa miezi sita. Kama vinafanya kweli wanachodai, yaani vinaamsha telomerasi mwili mzima wa mwanamke wa miaka 71 ambaye kama wazee wote ana seli kadhaa zilizokwishaanza kuharibika, basi mimi ningeviogopa zaidi. Hakuna dawa iliyothibitishwa kumrefushia mtu mzima mwenye afya telomea zake ili aishi zaidi. Dawa yenyewe ya telomerasi iliyoidhinishwa Marekani, mwaka 2024, kwa wagonjwa wa aina fulani ya ugonjwa wa uboho, inafanya kinyume: inaizuia telomerasi. Kwa wale wenye ugonjwa nadra wa telomea fupi, homoni moja ya kutengenezwa iitwayo danazoli ilijaribiwa kwa wagonjwa 27 na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Telomea zilirefuka kwa wengi na damu ikapanda, huku ini likifuatiliwa kwa karibu. Hiyo ni kazi ya madaktari wa damu hospitalini, si ya ukumbi wa semina.

Sasa ile karatasi. Telomea haipimwi kwa kushika chuma, dada yangu. Herufi za DNA hazitoi umeme wa kusomeka kiganjani. Kupima kunahitaji damu au mate, DNA itolewe, kisha kuna njia kadhaa. Njia ya kale huikata DNA na kuitandaza kwenye jeli, inataka DNA nyingi na siku kadhaa. Njia ya bei nafuu, iliyoenea tangu mwaka 2002, hulinganisha wingi wa telomea na wingi wa jeni nyingine, na inayumba sana: sampuli ile ile kwenye maabara mbili inaweza kuleta majibu mawili. Njia wanayoiamini madaktari wa magonjwa ya telomea huzipaka telomea za seli nyeupe za damu rangi inayong'aa na kupima mwanga wake seli mojamoja, nayo hutumika kwa mgonjwa anayeshukiwa, si kwa kila mpita njia.

Hata ukipata kipimo kizuri kabisa, kitakupa wastani, na nilikuambia kwamba wenye kupiga king'ora ni zile chache fupi. Kitakupa hali ya seli za damu, wakati moyo na ubongo wa mama vina seli ambazo hazigawanyiki karibu kabisa, kwa hiyo pambizo zake haziliwi kwa njia hii hata azeeke vipi. Halafu watu wa umri mmoja wanatofautiana mno: kijana wa miaka 20 mwenye afya anaweza kuwa na telomea sawa na za mtu wa miaka 70 mwenye afya. Hakuna njia ya haki ya kugeuza urefu ule kuwa "umri wa miaka 84". Na panya wa maabara wana telomea ndefu kuliko zetu mara kadhaa, nao huishi miaka miwili au mitatu. Kama urefu ungekuwa umri, tungekuwa tunapokea pole za misiba kutoka kwao.

Najua utakutana na habari kwamba kufanya mazoezi, kutovuta sigara na kupunguza mawazo hurefusha telomea. Tafiti zipo. Mwaka 2004 Elissa Epel, Blackburn na wenzao waliwapima akina mama wanaouguza watoto wenye maradhi ya kudumu, wakakuta waliojiona wamelemewa zaidi na mawazo wana telomea fupi zaidi. Wavutaji sigara nao kwa wastani wana fupi. Hizo ni tofauti ndogo za wastani wa makundi, na kuambatana kwa vitu viwili hakukuambii kipi kimemzaa mwenzake. Na hata zikirefuka, usikimbilie kusherehekea. Mwanaanga Scott Kelly alikaa angani siku 340, telomea za seli zake nyeupe zikarefuka, na aliporudi duniani zikafupika haraka. Hakuna aliyedai kwamba alikuwa kijana kwa mwaka mmoja.

Mama atembee asubuhi kabla jua halijawa kali, na apunguze chumvi, kwa sababu ya presha yake, ambayo inapimika kwa mashine ya bei ndogo mkiwa nyumbani, na kuishusha ikiwa juu kuna faida inayojulikana. Sehemu ya zile pesa inatosha kununua mashine hiyo na kulipia kliniki zake za mwaka. Na kukosa usingizi kwake nakuomba usikuchukulie kidogo. Mzee akiambiwa na kompyuta kwamba mwili wake umemzidi miaka 13 anaamini, kwa sababu karatasi ina grafu na rangi. Kaa naye, umsomee haya kwa lugha yenu ya nyumbani, taratibu.

La baba yako. Aliyesema watoto wa wazee huzaliwa wamechoka, kwa upande wa telomea amelipindua. Seli zinazotengeneza mbegu za kiume zina telomerasi nyingi, na kadiri mwanamume anavyozeeka ndivyo telomea za mbegu zake zinavyorefuka badala ya kufupika. Watoto waliozaliwa na baba mwenye umri mkubwa, kwa wastani, wana telomea ndefu kuliko wenzao. Kwa hiyo huenda wewe ulipewa pambizo pana kidogo na mzee wako. Umri wa baba una mambo yake mengine, maana mbegu hukusanya makosa madogo ya unakili mwaka hadi mwaka, ila hilo ni swali la siku nyingine, na kama umefika utu uzima salama halikuhusu sana.

Kama mama bado anaiamini ile karatasi, fanyeni jaribio dogo. Rudini kwa wale wale, ashike chuma, mchukue karatasi. Mzunguke mjini, mnywe chai, mrudi baada ya saa moja akiwa amejitambulisha kwa jina jingine na umri wa miaka 50, ashike tena. Zikitoka karatasi mbili zinazofanana, niandikie, nami nitapanda basi nije Arusha kukiangalia hicho chuma.